Silinda moja iko chini: je, injini imekwisha?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Sakina, Arusha. Gari langu la petroli la silinda nne linamisi, na mlima linapanda kwa shida. Limepimwa kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, kwa psi: 152, 150, 105, 153. Kitabu chake kinaandika 180. Fundi anasema silinda zote zimeshuka, injini ifunguliwe nzima. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali bado.

Hiyo 180 ni hesabu ya usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la Dar es Salaam. Silinda hubana hewa iliyovuta. Ikivuta nyepesi, geji nayo inasoma chini. 180 ya pwani huku inakuwa 152 au 153. Kwa hiyo silinda zako tatu ni nzima, na inaniuma mtu kufunguliwa injini kwa kosa la kimo cha mji wake.

Tatizo ni silinda namba 3, ile ya 105. Silinda ya chini isipungue robo tatu ya ile ya juu, yako imepungua. Irudiwe: injini iwe imepata moto, plagi zote zitolewe, mafuta na koili vikatwe, betri iwe na nguvu, na mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho stata ikizungusha. Halafu kijiko cha chai cha oili kiingizwe kwenye namba 3, ipimwe tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni zimelika. Ikibaki palepale, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini.

Hapo omba kipimo cha uvujaji. Pistoni inawekwa juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, kisha hewa ya kompresa inaingizwa kwenye tundu la plagi. Spana ya kuzungushia injini isiachwe kwenye pulei, hewa inaweza kuizungusha injini ghafla. Geji inaonyesha asilimia inayopotea: chini ya 10 sina neno, ikivuka 20 natafuta inakotokea, na hapo kazi ni ya masikio. Ikivuma kwenye eksozi, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye filta ya hewa, valvu ya kuingizia. Kwenye kifuniko cha oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi. Ila rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto.

Ikiwa ni valvu, fundi apime kwanza nafasi yake, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, kabla ya kushusha hedi. Valvu iliyobanwa, isiyo na uwazi huo, haifungi sawasawa, na mara nyingine kuirekebisha kunatosha. Mazungumzo ya kufungua injini nzima yasubiri mpaka ringi zithibitike.