Kabla Hujahamia Ukumbi Mwingine wa Taekwondo

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi mpya nilimpiga mtoto wa watu ngumi mgongoni. Nilikuwa nimejifunzia ng'ambo, Likoni, kisha kazi ikanileta kisiwani Mombasa, nikajiunga na darasa moja upande wa Tononoka. Mwalimu akaita pumse ya kwanza, yaani miondoko iliyopangwa ambayo darasa hucheza kwa pamoja. Nikasema moyoni, hii naijua usingizini. Kushoto, kinga ya chini; hatua, ngumi. Geuka, kinga, hatua, ngumi. Rudi kati, kinga ya chini. Mpaka hapo darasa zima tuko pamoja. Mwondoko wa sita, mimi nikapiga hatua mbele na ngumi ya kulia. Wenzangu walipiga ngumi hiyo hiyo, ila papo hapo waliposimama.

Mimi nilikuwa nacheza Chon-Ji, yenye miondoko 19. Wao walikuwa kwenye Taegeuk Il Jang, yenye 18. Hakuna aliyekosea, ingawa mtoto alikuwa na maoni yake.

Kinachofanya zianze sawa ni asili yake. Miaka ya 1940, kadhaa kati ya walioanzisha kumbi za mwanzo Korea, kama Chung Do Kwan na Song Moo Kwan, walikuwa wamesomea karate Japani, wakafundisha kata, yaani pumse za karate, walizozijua. Ndiyo maana rafiki yako wa karate ya Shotokan akikuona ukianza atakuambia, "Hiyo si kata yetu ya Heian Shodan?" Jina taekwondo lilikuja 1955. Jenerali Choi Hong Hi akatunga pumse zake, Chon-Ji ikiwa ya kwanza, hatimaye 24 kwa hesabu ya saa za siku, akaanzisha shirikisho la ITF mwaka 1966. Walimu wengine wa Korea wakatunga pumse za Palgwe, kisha za Taegeuk, na Kukkiwon, makao yao makuu kule Seoul, ikafunguliwa 1972.

Sisi wa Mvita jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1928 wakubwa walikutana hapa hapa Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Nyanya zetu wakaendelea na nti yao na ndia yao, na walielewana vizuri tu. Mtihani wa shule ndio uliotaka nchi na njia.

Sasa, mtego ulionisumbua zaidi ni msimamo wa kutembea. Jina ni moja, miguu ni miwili tofauti. Kwa watu wa ITF ni msimamo mrefu, kama upana wa mabega mara moja na nusu, goti la mbele limekunjwa. Kwenye Taegeuk ni hatua fupi, vile unavyotembea kuelekea feri ukijua bado haijatia nanga. Halafu kuna lile wimbi la ITF: mwili unashuka, unapanda, unashuka na ngumi. Mimi naliona zuri. Ukilipeleka ukumbi wa Kukkiwon utaambiwa unayumba kama ngalawa.

Kwa hivyo kabla ya kulipa ada uliza, "Hapa mwacheza Taegeuk au Chon-Ji?" Ukiwa na ndoto ya Olimpiki, njia yake hupitia shirikisho la World Taekwondo, na huko pumse ni za Kukkiwon. Usimtolee mwalimu simu kumwonyesha video kwamba amekosea. Mkanda wako pia huenda usitambuliwe. Mimi nilirudishwa mweupe na nikanuna wiki nzima.

Tofauti nyingine wala hazina historia ndefu. Mwalimu wangu wa Likoni alikuwa akimaliza kinga ya juu chini kidogo ya paji la uso, nasi tukaiga kwa miaka miwili. Kumbe aliwahi kuteguka bega, mkono haupandi zaidi ya hapo. Darasa zima tulirithi bega bovu.

Yule mtoto siku hizi ndiye anayetuhesabia tukipasha mwili. Akiita Il Jang, mimi hunipanga mstari wa mbele kabisa, nikabiliane na ukuta.