Mshahara laki tisa, mkopo wa nyumba uwe kiasi gani?

Mimi ni mwalimu Masasi, mkononi napokea laki tisa. Ndugu yangu aliyeko Uingereza anasema kule benki hukopesha hadi mara nne na nusu ya mshahara wa mwaka. Na mimi niombe hivyo?

Hapana, mwalimu. Kule riba ni ndogo kuliko yetu. Wewe anza na rejesho, bei ya nyumba ije baadaye. Tenga theluthi ya unachopokea mkononi: laki tatu. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayopigwa kwenye salio linalobaki, laki tatu kila mwezi kwa miaka 15 inabeba mkopo wa kama milioni 21.4. Hiyo ni mara mbili tu ya mapato yako ya mwaka.

Utaambiwa uongeze miaka ili upate zaidi. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Ukienda miaka 20 kwa rejesho lilelile, mkopo unafika milioni 22.8. Umeongezewa milioni moja na laki nne hivi, na utalipa milioni 18 zaidi! Ukichukua miaka 10 unapata milioni 18.6, na jumla ya malipo inashuka kutoka milioni 54 za miaka 15 hadi 36. Ningekuwa wewe ningechukua 10 na kupunguza chumba kimoja kwenye ramani.

Uliza pia riba inapigwa wapi. Ikipigwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, milioni 20 za miaka 15 zinadai rejesho la 361,000 badala ya 280,000, na asilimia iliyoandikwa ni ileile 15.

Nimeajiriwa halmashauri, Newala, na nina mikorosho. Hela ya msimu niihesabu pamoja na mshahara?

Kwenye rejesho la mwezi, usiihesabu kabisa. Benki inakata kila mwezi, korosho zinalipa baada ya mnada, na bei ya mnada huijui leo. Mwaka ambao ugonjwa wa ubwiriunga umeingia shambani, dawa ya salfa na palizi zimekula hela yako na magunia ni machache.

Lakini hela hiyo ina kazi nzuri sana: kupunguza salio. Kwenye mfano wa mwalimu wa miaka 15, milioni moja ya ziada ikilipwa mwanzoni kabisa, rejesho likibaki laki tatu, inafuta kama miezi 26 ya mwisho. Kabla ya kusaini, uliza kama kuna tozo ya kulipa mapema, na jibu lao liwe kwenye mkataba.

Nakatwa mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo na nina mkopo mwingine, ila benki imesema bado nafaa. Kweli?

Kwa mtumishi wa umma, makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Hicho ni kikomo cha sheria, hakikuambii kama utakula. Bodi peke yake inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Maliza kwanza huo mkopo mwingine.

Mimi ni nesi Lindi, mume wangu ana ajira ya mkataba kiwandani Mtwara. Tuunganishe mishahara?

Benki ikikubali, ombeni pamoja, dada yangu, lakini rejesho lipimwe kwa mshahara wako. Mkataba wa mwenzio ukiisha, nyumba isitikisike. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja.

Kiwanja changu kiko Mikindani, nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Nitakopeshwa?

Mkopo wa nyumba, hapana. Rehani inasajiliwa juu ya hati, na karatasi hiyo si hati. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uliza kama eneo lako lina mchoro wa mipango miji uliopitishwa, kisha uanze upimaji. Fanya hivyo kabla hujashusha hata lori moja la mchanga.