Watu 312 wanajua akiba yangu, mume wangu hajui

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Tabata, nina mume na watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Tunduma. Mwaka jana mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, ilinibana mpaka nikawa nafunga fremu saa nne asubuhi kukwepa wadai. Mteja mmoja akaniunga kwenye grupu la WhatsApp la bajeti. Kila Jumapili usiku tunaposti: umeingiza ngapi, umetumia ngapi, umeweka ngapi, unadaiwa ngapi. Wengine wanatupia na skrinshoti ya salio. Niliona aibu kuwa wa mwisho, nikajikaza. Deni limeisha, na hesabu yangu ya mwisho niliandika akiba 1,640,000.*

*Kumbe wifi yangu yumo mle, kwa namba nisiyoijua, profaili picha ya ua. Akamfikishia mama mkwe, mama mkwe akampigia mwanawe: mkeo ana hela na bati za huku zinavuja. Mume wangu akanipigia, akauliza swali moja tu: "Mpo wangapi humo?" Nikamwambia 312. Akakata simu. Anarudi Alhamisi.*

*Halafu kuna jingine, Shangazi. Wiki mbili za mwisho kazi ilikuwa mbaya. Niliandika nimeweka 50,000 kila wiki na sikuweka hata mia. Na sasa admini anataka kila mtu atume taarifa ya miamala ya mwezi mzima, eti kuthibitisha. Nijitoe? Mama Wawili, Tabata.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, kwenye swali la mumeo. Hakuuliza ni ngapi. Aliuliza mpo wangapi. Mwanamume aliyeudhiwa na hela huuliza hela. Huyu ameumia kwamba kwenye foleni ya kujua habari za nyumba yake yeye ni wa 313, na amepewa na mama yake.

Kwa hiyo la grupu lisubiri, tuanze na Alhamisi.

Kosa lako si kuweka akiba kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake, na jasho la cherehani ni lako. Tena nakuuliza: posho zake za njiani umewahi kuziona zimeandikwa mahali? Lakini usiende kumpokea na sheria mkononi. Hata mimi ningekuwa na haki zangu zote, nisingependa kusikia habari za mume wangu kutoka kwa watu wenye picha za maua.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pabaya na naona hujapaona. Mumeo kichwani ana 1,640,000. Uliyonayo kweli ni 1,540,000. Ukimfungulia salio Alhamisi, ataona laki moja haipo. Utamwambia nini? Ukisema ukweli, kwamba uliwadanganya wenzako grupuni, atacheka au atanuna, lakini yataisha. Ukibabaika sekunde tatu tu, ile laki itakuwa umempa mtu. Uongo wa kuwafurahisha watu usiowajua umekuja kukaa sebuleni kwako.

Basi wewe ndiye uanze. Mwache aoge, ale. Watoto wakilala, toa daftari, sio simu. Simu ina lile grupu ndani yake, akiiona tu mkononi mwako mtaanza kugombania simu. Kwenye daftari uwe umeandika kwa mkono wako: nilidaiwa hiki, nikalipa hiki, kilichopo ni 1,540,000, na hii laki niliitaja kwa aibu, haikuwahi kuwepo. Anza na lile deni, kwa sababu nahisi hata hilo hakulijua lilikuwa kubwa kiasi gani. Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa kujitetea. Dereva wa lori amezoea kukaa kimya kwa saa nane, atasema akiwa tayari.

Bati za mama mkwe mzungumze nyinyi wawili, baadaye, na jibu litoke kinywani kwa mwanawe. Wewe usijibu lolote.

Sasa grupu lako. Sitakuambia ni upuuzi, kwa sababu limekutoa kwenye kausha damu, na mimi nawajua watu walioshindwa kutoka humo hata kwa msaada wa ndugu. Aibu ya Jumapili usiku imekufanyia kazi. Wanawake wa vikoba nao wanaijua dawa hii. Tazama kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana: sanduku la mbao au bati, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na linafunguliwa mbele ya wote. Kila mtu anaona umenunua hisa ngapi leo. Ila angalia kinachofichwa. Hisa zina ukomo, vikundi vingi huishia tano kwa kikao, kwa hiyo mwenye duka la jumla na muuza vitumbua wote wanaweza kusimama na hisa tano, na hakuna anayejua nani kabakiza nini nyumbani. Kikoba kinaona bidii yako, salio lako hakilioni. Na wanaokuona unawajua kwa majina na milango yao.

Grupu lako limechukua macho ya kikoba na kuacha kufuli.

Mimi yalinikuta na upatu, enzi hizo simu za mkononi hatuna. Nilisema saluni, nikiwa chini ya drayeri ambako mtu anapiga kelele bila kujua, kwamba kesho ni zamu yangu kupokea. Kabla ya magharibi walishafika watatu mlangoni, mmoja na mtoto mgonjwa mgongoni. Nilitoa. Na wale walikuwa majirani, wana haya usoni. Wako 312 wana haya gani?

Hilo la taarifa ya miamala jibu lake ni hapana, na usiombe radhi. Ifungue mwenyewe uitazame mstari kwa mstari. Kuna jina la kila mteja aliyekulipa kwa simu, na kiasi, na saa. Kuna mwenye nyumba na tarehe ya kodi. Kuna shule ya watoto. Kuna ile 15,000 unayomtumia mama yako kila tarehe mbili. Wateja wako hawakujiunga na grupu lolote, wamekuja kushona magauni ya sendoff. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina sheria inayofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi, lakini hata isingekuwepo, majina ya watu si yako kuyagawa.

Na wezi wa mtandaoni tunawajua. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" siku zote unaruka hewani ukitafuta mtu mwenye hela anayopaswa kutuma leo. Wakishajua kodi yako ni tarehe ngapi na inakwenda kwa nani, hawahitaji kubahatisha tena. Ukiupata ujumbe wa namna hiyo, namba iliyoutuma iripoti kwa meseji kwenda 15040, bure, halafu endelea na kazi yako.

Skrinshoti ulizokwisha kutuma nazo, samahani, zimekwenda. WhatsApp inakuruhusu kumfutia kila mtu ndani ya siku mbili na kidogo, na aliyekwisha kuihifadhi picha amebaki nayo. Badilisha namba ya siri leo, hasa kama ni mwaka wa kuzaliwa mtoto. Najua ni mwaka wa kuzaliwa mtoto.

Jumapili hii posti mara ya mwisho. Andika: wiki mbili zilizopita sikuweka kitu, nilidanganya, leo pia ni sifuri. Kama ni sifuri. Utashangaa wangapi watakufuata faragha kukuambia na zao ni hewa, kwa sababu kwenye grupu ambalo kila wiki watu wanapanda tu, kuna wanaopanda kwa kalamu. Kisha toka. Hao watakaokufuata chagua watatu ambao unaweza kwenda kwao kwa bajaji. Mkae wanne, mjiwekee lengo kila mmoja lake, na Jumapili mtumiane neno moja: nimefikia, au sijafikia. Kiasi kibaki kwenye daftari. Mmoja akikosa mara mbili, wenzake wanampitia nyumbani, sio kumtumia emoji ya machozi.

Wifi yako msalimie kama kawaida. Ameingia humo kwa namba ya kujificha, na mtu haingii grupu la bajeti kwa namba ya kujificha kama mambo yake yako sawa. Huenda naye kausha damu wamemkalia. Siku mkiwa wawili jikoni, mwambie wewe ulitokaje. Asipojibu, endeleeni kumenya vitunguu.

Niandikie Ijumaa unieleze mumeo alisemaje. Picha ya salio usinitumie.

*Shangazi*