Madhumuni ya barua hii: kwa mnaoanza kusoma barua za kina Darwin

Shuleni sote tulifundishwa barua ya kirafiki kwa mtindo mmoja: anwani juu kulia, tarehe, natumaini hujambo, mimi pia sijambo, kisha "madhumuni ya barua hii ni..." Kwa miaka mingi niliuona mtindo ule wa kitoto. Nilipoanza kusoma barua za wachunguzi wa mimea na wanyama wa Uingereza ya zama za Malkia Victoria, nikatamani hata mmoja wao angepitia darasa letu. Mwandishi anaanza na tumbo linalomsumbua, anapitia habari za watoto, anamsengenya mtu kidogo, halafu katikati ya ukurasa wa tatu, kama aliyekumbuka tu, anaomba mbegu. Barua yenyewe iko hapo kwenye mbegu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, nawapa jambo nililolipata kwa kuchelewa. Kabla ya kunukuu chochote, iulize barua: huyu anaomba nini, na kwa nini anamwomba huyu na si mwingine? Mimi nina daftari lenye safu nne: tarehe, nani kwa nani, anaomba nini, amepewa nini. Safu ya tatu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Kosa langu la kwanza nalisimulia ili msilirudie. Nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili nilihesabu barua za Charles Darwin, yule aliyeeleza jinsi aina za viumbe zinavyobadilika, na rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, mwaka kwa mwaka, nikachora grafu. Zinazojulikana leo kati yao ni kama 1,400, hivyo haikuwa kazi ya siku mbili. Grafu ikaonyesha kwamba kabla ya miaka ya 1860 Darwin aliandika sana na kujibiwa kidogo. Nikajaza kurasa 11 kuhusu mtu mpweke wa kijijini anayemkimbilia rafiki asiyemjali. Msimamizi wangu akazisoma zote, akauliza swali moja: "Zilizomfikia Darwin alizitunza wapi?"

Sikujua. Francis, mwanawe Darwin, alishaeleza zamani: baba yake alizipachika barua alizopokea kwenye vyuma virefu, kama nyama ya mishikaki, na vyuma vilipojaa alizichoma moto za miaka ya nyuma apate nafasi. Aliendelea hivyo mpaka mwaka 1862 hivi. Hooker, kwa upande wake, alizihifadhi alizopokea. Kumbe grafu yangu haikuwa imepima urafiki hata kidogo. Ilikuwa imepima moto. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema "fulani alinyamaza", kwanza namuuliza nani aliyekuwa na kiberiti.

Jambo la pili ni posta, na wageni wengi huliruka kwa kuona ni dogo. Kabla ya 1840 aliyelipia barua Uingereza kwa kawaida alikuwa mpokeaji, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Ndiyo maana utakutana na barua za zamani zilizoandikwa mistari ya kawaida, kisha karatasi ikageuzwa na mistari mingine ikapitishwa juu yake, mpaka macho yanauma. Mwaka 1840 ikaja peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi (kama gramu 14), popote ndani ya nchi, na stempu ikabandikwa na mtumaji. Fikiria maana yake kwa mtu anayeishi kwa kuuliza. Darwin, ambaye afya yake mbovu ilimfunga nyumbani Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, aliweza kumwuliza mfuga njiwa, mtunza bustani, daktari wa meli, bila kumtia yeyote gharama ya kusoma swali lake. Barua zake zilizopatikana, za kwenda na za kuja, ni kama 15,000, na watu alioandikiana nao ni kama 2,000. Ukiniuliza mimi, stempu inastahili sura yake katika kila tasnifu ya zama zile, ila wasimamizi hawapendi.

Sasa urafiki wenyewe. Hooker alirudi mwaka 1843 kutoka safari ya miaka minne kwenye bahari za kusini. Darwin alikuwa na mimea aliyoikusanya visiwa vya Galápagos, haijachunguzwa ipasavyo, akataka mtu wa kuichambua. Urafiki wa karibu miaka 40 ulianza na ombi la kazi. Tarehe 11 Januari 1844 akamwandikia barua ambayo wote mtaikimbilia, ile anayosema kwamba anakaribia kuamini kuwa aina za viumbe hubadilika, na kwamba kusema hivyo ni kama kukiri kuua mtu. Nawaomba muisome yote. Sehemu kubwa ni maswali ya mimea ya visiwani. Hayo maneno ya kuua yako ndani ya mabano! Kwenye safu yangu ya tatu nimeandika: anaomba takwimu za mimea, na anaomba asichekwe. Hooker alimjibu mwezi huohuo kwa utulivu kabisa, kwamba huenda mabadiliko ya polepole yapo na angefurahi kusikia yanatokeaje, kwa kuwa maelezo yaliyokuwepo hayakumridhisha. Hakuna kelele. Nadhani Darwin alijua tangu siku ile kwamba amepata mtu wa kumpinga bila kumdhuru.

Na kupingana walipingana. Mwaka 1855 Darwin alikuwa analoweka mbegu kwenye maji ya chumvi ili ajue kama zinaweza kuvuka bahari na bado zikaota. Hooker hakuamini. Watoto wa Darwin wakawa wanauliza kama baba atamshinda Dakta Hooker. Mbegu nyingi zikaota kweli, Darwin akafurahi, kisha akagundua kwamba mbegu hizohizo huzama. Mbegu inayozama haivuki bahari, hata ikiwa hai. Alimwandikia Hooker akizilaani. Mtu humwandikia hivyo yule tu ambaye haogopi kuchekwa naye.

Lakini msidanganyike kwamba marafiki huelewana kila mstari. Mwaka 1845 Hooker alimwandikia kwamba mtu ambaye hajaeleza kwa kina aina nyingi za viumbe hana haki ya kuzungumzia suala la aina. Alikuwa anamsema Mfaransa mmoja, Gérard. Darwin akadhani anasemwa yeye, ikamchoma. Mwaka uliofuata akaanza kuchunguza vile viumbe vidogo vyenye magamba vinavyoganda kwenye miamba na chini ya majahazi, akakaa navyo miaka minane. Wapo wanaosema maneno ya Hooker ndiyo yaliyomsukuma. Mimi nasema yalichangia tu. Funzo kwenu ni kwamba msomaji wa kwanza wa barua naye hukosea.

Barua maarufu kuliko zote hatunayo. Alfred Russel Wallace, mchunguzi wa wanyama aliyekuwa visiwa vya Malay, kusini-mashariki mwa Asia, alimtumia Darwin mwanzoni mwa 1858 makala iliyoeleza wazo lilelile, la jinsi aina za viumbe zinavyobadilika, ambalo Darwin alikuwa amelilea kwa miaka 20. Tunajua alichoomba: ikiwa ina thamani, ipelekwe kwa Charles Lyell, mwanajiolojia. Darwin akaipeleka kwa Lyell, akisema upya wote wa kazi yake sasa umevunjika. Kisha mwanawe mchanga akafa kwa homa tarehe 28 Juni. Tarehe 1 Julai Lyell na Hooker wakahakikisha maandishi ya wote wawili yanasomwa pamoja mbele ya Jumuiya ya Linnean, chama cha wachunguzi wa viumbe, London. Darwin hakuwepo, na Wallace hakuulizwa, maana barua kwenda aliko ilichukua miezi. Jaza safu zako. Wallace aliomba makala isomwe na mtu mmoja. Akapewa jumuiya nzima ya kuisikiliza, na jina lake likaja la pili. Aliposikia aliridhika na akashukuru, na baadaye kitabu chake cha safari za Malay cha 1869 akakitabaruku kwa Darwin. Sioni wizi hapo. Ila sioni pia kwamba ni jambo safi la kupigiwa makofi, na ukiandika kana kwamba ni hivyo, mtahini makini atakusimamisha.

Mbele kidogo mizani inageuka. Wallace alikuwa na shida ya fedha, na Darwin ndiye aliyezunguka na barua kumwombea pensheni ya serikali. Hooker mwanzoni alikataa. Hakupenda mambo ya Wallace ya kuzungumza na mizimu. Alibembelezwa mpaka akakubali, na mwaka 1881 Wallace akapata pauni 200 kwa mwaka. Soma barua hizo pamoja na zile za 1858. Ukizisoma mbalimbali utapata watakatifu au wezi.

Wahenga wetu walisema waraka ni nusu ya kuonana. Kwa Darwin na Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Brazili, nusu hiyo ndiyo ilikuwa yote: waliandikiana tangu 1865 mpaka Darwin alipofariki 1882, wasionane hata mara moja. Mafuriko yalipompata Müller mwaka 1880, Darwin alijitolea kumsaidia fedha.

Kwa wenzangu wa pwani: msidhani mambo haya yako mbali. John Kirk alifika Zanzibar mwaka 1866, daktari na baadaye balozi wa Uingereza, na mimea aliyoikusanya ilikwenda bustani za mimea za Kew, London, ambazo Hooker alikuwa mkurugenzi wake. Alichunguza asili ya sandarusi, akafuatilia mizabibu ya mpira. Jina lake limebaki kwenye kima punju wa Unguja na kwenye digidigi. Kipimo changu cha nani anaomba nini kitawafaa sana hapo, mradi muongeze safu ya tano: nani alitumwa. Kuna mtu aliyeingia msituni, aliyejua mti kwa jina la kwao, aliyebeba mzigo mpaka bandarini. Mara nyingi barua humwita "mwenyeji" na kupita. Wallace angalau alimtaja Ali, kijana wa Sarawak, kisiwani Borneo, aliyesafiri naye kwa miaka, akamwindia na kumchunia ndege. Kila mkikutana na "mwenyeji mmoja aliniletea", pigeni mstari.

La tarehe nitalisema kwa kifupi. Darwin mara nyingi aliandika "Ijumaa" na basi. Tarehe iliyo kwenye mabano ya mraba ni ya wahariri, wameikisia kwa karatasi, muhuri au habari iliyomo, na tanbihi hueleza kwa nini. Soma tanbihi. Nilipoteza wiki mbili kwa kutosoma moja.

Tarehe 28 Septemba 1863 Hooker alimwandikia Darwin kwamba binti yake mdogo, wa miaka sita, amefariki saa moja iliyopita, na kwamba katika huzuni ile anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Darwin alimpoteza binti yake Annie mwaka 1851. Mwanafunzi mmoja niliyempa daftari langu anakili alifika hapo, akaja kuniuliza aandike nini kwenye safu ya tatu. Nikamwonyesha nakala yangu. Kulikuwa na tarehe, majina mawili, na nafasi tupu ambayo mwaka wangu wa kwanza nilijaribu kuijaza kwa penseli, nikafuta.