Waliogea, na wakaomba papo hapo

Umeuliza kama Warumi walifuata chemchemi za maji moto kwa tiba au kwa kuoga tu. Ndugu yangu, yote mawili, wala hawakuyatenganisha. Chukua Bath, Uingereza: maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, nao wakajenga hapo hekalu la mungu wa kike Sulis Minerva na mabwawa ya kuogea. Kinachonigusa zaidi ni vibamba vyembamba vya madini ya risasi, kama 130, vilivyopatikana huko. Watu walioibiwa vitu waliandika mashtaka yao kwa mungu huyo wa kike, kisha wakayatumbukiza chemchemini. Docimedis, aliyepotelewa na glavu mbili, aliomba mwizi wake apoteze akili na macho.