Bati lililobonyea halijafa

SWALI: Fundi, salaam. Nakaa Kasese, Uganda, katika nyumba ya zamani ya Reli ambayo marehemu baba aliinunua. Mwezi uliopita mvua ya mawe ilitupiga karibu nusu saa, mawe kama gololi, machache kama yai la kuku. Maji yaliingia sebuleni kwa kushuka ukutani upande wa gata. Kesho yake asubuhi kijana alipita na ngazi, akapanda, akasema mabati yote yamekufa kwa sababu yamebonyea. Anataka kuyaezua aniwekee ya rangi, geji 32, eti namba yake ni kubwa kuliko ya yale ya zamani. Nikishindwa pesa, atayanyoosha kwa nyundo na kupaka lami. Tangu siku ile imenyesha mara mbili na haikuvuja. Nifanyeje? – Mama wa watoto wanne.

JIBU: Mama, pole kwa mawe. Jibu umeliandika mwenyewe katika mstari wa pili kutoka mwisho: imenyesha mara mbili, haikuvuja. Paa lililotoboka halichagui mvua.

Kilichokupata ni gata. Mawe huteleza kwenye bati, hujaa gatani na kuziba mdomo wa bomba. Maji yanayoyafuata hukosa njia, hupanda nyuma ya ukingo wa gata na kupita juu ya ukuta mpaka ndani. Barafu ikiyeyuka, ushahidi umekwisha. Ndiyo maana asubuhi kijana hakuona tundu, akaona mabonyeo.

Sasa hilo bonyeo. Kila baada ya mvua ya mawe napigiwa simu za namna hii na sijui nimelieleza mara ngapi. Bati ni chuma kilichovishwa zinki. Zinki ndiyo inayoliwa kwa niaba ya chuma, na hata ikikwaruzwa kidogo, ile iliyo pembeni huendelea kukilinda chuma kilicho wazi. Bonyeo ambalo halijapasua bati wala kubandua zinki ni alama tu, kama kovu la ndui usoni. Linachukiza macho, halivujishi. Pitisha kidole juu yake: kama ni laini na halina ufa wala doa la kahawia, liache.

Anayeligonga kwa nyundo ndiye anayeliua. Chuma kilichokwisha kupinda upande mmoja ukikilazimisha kurudi, zinki yake hupasuka nyufa ndogo za nywele, na kutu huanzia humo. Baada ya hapo anakuja na lami kuficha kazi yake. Lami kwenye jua la Kasese hulainika, usiku hukaza, mwaka haujaisha imeachia kingo. Maji huingia chini yake na kukaa humo, hayakauki. Nimewahi kubandua kipande cha lami kikatoka na bati lenyewe, tundu la kuingiza ngumi, mahali ambapo mwenye nyumba aliniapia palikuwa na bonyeo tu.

Kuhusu geji, yaani namba ya unene wa bati, naomba kila mwenye nyumba asome hapa mara mbili. Namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 24 inakaribia milimita 0.6, geji 26 ni kama nusu milimita, geji 32 ni kama robo. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya mgodi wa Kilembe, na nyumba za wakati huo nilizopanda mimi zilikuwa na mabati mazito. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni nayo ikaacha kuja, mabati yapo mpaka leo. Ligonge la kwako kwa kifundo cha kidole, halafu ugonge la geji 32 dukani. La kwako litajibu kwa sauti nzito, la dukani litalia kama debe tupu. Huyo kijana anataka kukuvua koti akuvishe kitambaa cha mfukoni, na umlipe.

Tena jiwe likikua, nguvu yake haiongezeki kidogo kidogo. Jiwe lenye kipenyo mara mbili lina uzito mara nane, na kwa kuwa huanguka kwa kasi zaidi, kishindo chake kinakuwa kama mara kumi na sita. Mawe ya ukubwa ule ule yatalikuta bati lako jipya la robo milimita, na hapo utajua maana ya kubonyea.

Kama bado una wasiwasi, ingia darini saa sita mchana, ufunge mlango, utulie mpaka macho yazoee giza. Tundu lolote litakuonyesha nukta ya mwanga. Kisha mtu mmoja amwage maji juu ya paa akianzia chini na kupanda polepole, mwingine awe ndani na tochi. Ukianza kumwagia juu utalowesha kila mahali na hutajua maji yamepitia wapi. Tazama sana misumari: mawe hutikisa paa, na msumari ambao mpira wake umekauka hulegea. Ubadilishe kwa ulio mnene kidogo wenye mpira mpya.

Na usimruhusu mtu afunge bati kwa waya wa umeme. Huku kwetu shaba tunaiona kama baraka, lakini shaba ikigusa zinki kwenye maji, zinki huliwa haraka. Utaona unga mweupe kuzunguka waya, halafu duara la kahawia, halafu anga.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Nyumba nyingine za umri huo hazina bati, zina vigae vya kijivu vya saruji yenye asbesto. Hivyo mawe huvipasua kweli. Wenye navyo wasipande, kwa sababu vinavunjika chini ya mguu, wala wasivikate kwa msumeno au kufagia vumbi likiwa kavu. Vumbi lile huingia mapafuni, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, hata 40, wakati fundi aliyekushauri ameshasahau mtaa wako. Hapo tafuta mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo.

Hawa mafundi wa asubuhi ya pili nawafahamu. Wanafuata mawe kama kunguru wanavyofuata jembe. Uliza mabati yaliyoezuliwa huenda wapi. Atakwambia atakuondolea takataka bure. Hizo takataka zitaezekwa nyumba ya mtu mwingine kwa bei nzuri, kwa sababu hakuna dukani bati la unene ule kwa pesa aliyokutajia. Mwambie ya zamani yatabaki uani kwako, usikie kama bado atasema yamekufa.

Gata lisafishe wiki hii. Mdomo wa bomba uupanue, na ukingo wa mbele wa gata uwe chini kuliko wa nyuma kwa upana wa vidole viwili, ili likijaa limwagike nje.