Kwa mainjinia wapya: tuta nalo ni mzigo

Juzi kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliniletea hesabu za daraja dogo upande wa Embakasi. Uwezo wa msingi kubeba mzigo ameujazia kurasa 11. Kutitia, yaani msingi kushuka ardhini kwa uzito, hakuna hata mstari. Wadogo zangu, mara ngapi?

1. Usiulize tu kama msingi utabeba. Uliza utatitia kiasi gani, na nguzo hii itapishana na jirani yake kiasi gani. Spani (vipande vya daraja kati ya nguzo na nguzo) zilizoungana huvumilia tofauti hiyo kidogo kuliko zinazojitegemea.

2. Ukigonga jiwe usishangilie. Lava ya Nairobi ilimwagika kwa awamu. Chini ya fonolaiti, lava iliyoganda kuwa jiwe gumu, mnaweza kukuta tabaka laini. Endeleeni kuchoronga.

3. Tuta, yaani udongo unaojazwa kuinua barabara hadi kimo cha daraja. Hili linaniuma mpaka leo. Nikiwa mgeni kazini nilipewa daraja la mto mdogo mashariki ya jiji. Nilishusha paili, nguzo ndefu za kuzamishwa ardhini, hadi mwambani, nikalala usingizi. Nyuma ya nguzo za ukingoni mkandarasi akajaza tuta la mita 5 juu ya mfinyanzi laini, nami sikulihesabu. Mfinyanzi uliolowa haushuki kwa siku moja: maji hukamuka polepole, na tabaka likinenepa mara 2, muda huwa mara 4. Barabara ikafunguliwa. Masika yalipopita nikaitwa. Daraja lilikuwa palepale. Tuta ndilo lililoshuka, likaacha ngazi barabara inapokutana na daraja. Matatu zilifunga breki ghafla penye ngazi ile. Nilipiga magoti, nikapitisha mkono hadi kiwiko chini ya slabu ya kuingilia daraja. Patupu. Mama muuza mayai akaniambia, "Injinia, trei zetu zinavunjikia hapa." Nilimwomba radhi, sikuwa na lingine. Kurudi ofisini nikaona kosa la pili: mfinyanzi unaoshuka huzing'ang'ania paili na kuzivuta chini, na mzigo huo haukuwamo kabisa kwenye hesabu zangu. Ningejaza tuta kwanza, nikaliacha lishuke kwa miezi huku nikilipima kila wiki, ndipo nipige paili.

4. Kipimo cha mgandamizo maabara, kinachoonyesha udongo utashuka kiasi gani, msikifute kuokoa bajeti. Sampuli ifungwe nta papo hapo saitini, isikaukie kwenye buti la pikapu.

Yule kijana nimemrudishia hesabu. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda naye mtoni; nimemwambia aje na gambuti.